Mkia wa Msafara: Ishara za Njiani Kanyangi, kutoka Biashara ya Pembe hadi Bodaboda

Kanyangi ni mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Kitui Rural, pamoja na Kisasi, Mbitini na Kwavonza/Yatta, na imo katika nyika kavu ya Ukambani ambako Mto Athi ndio mpaka wa kaunti za Kitui na Makueni. Historia ya usafiri wa sehemu hii imezoeleka kusimuliwa kwa kuorodhesha vyombo, kwamba watu walitembea kwa miguu, kisha wakapata punda, baiskeli, lori na hatimaye pikipiki, kana kwamba kila chombo kilipofika kiliyafuta mazoea ya kilichotangulia. Masimulizi ya namna hiyo huacha pembeni swali ambalo ni kongwe kuliko vyombo vyote hivyo, yaani watu wengi wanaosafiri kwa pamoja, waliotenganishwa na umbali, kelele au vumbi kiasi cha kutoweza kusemezana, hujulishanaje kwamba njia mbele imekatika, au kwamba mwenzao mmoja ameachwa nyuma. Waendeshaji wa bodaboda wanaotoka pamoja leo, wawe wanasindikiza arusi au mazishi, wanalijibu swali hilo kwa lugha ya ishara ambayo hawakufundishwa darasani, na lugha hiyo ina asili zaidi ya moja.

Asili ya kwanza ni msafara wa miguu. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa masafa marefu katika Afrika Mashariki, na wanahistoria wengi wanaifungamanisha biashara hiyo na desturi ya kuthuua, yaani kwenda kwa majirani kutafuta chakula wakati wa ukame kwa kubadilishana bidhaa. Kutoka katika safari hizo fupi za njaa ilikua biashara ya pembe za ndovu iliyofika Mombasa, na misafara ya mamia ya watu ikawa inavuka nyika isiyo na maji kurudi Ukambani na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Aliyeongoza kundi liendalo mbali, liwe la uwindaji, la vita au la biashara, aliitwa muthiani, na cheo chake hakikutokana na ukoo bali na ujuzi wa njia: alizijua mbuga, alijua visima vinavyokauka mapema, na aliweza kulipeleka kundi na kulirudisha likiwa zima.

Utaratibu wa misafara ya enzi ile umeelezwa kwa kina zaidi katika njia ya Bagamoyo kwenda Unyamwezi, hasa na Richard Burton aliyesafiri huko kati ya 1857 na 1859, lakini ulikuwa ni utaratibu wa soko moja la pwani ambalo watu wa Kitui nao walilihudumia. Mbele alikwenda kirangozi, ambaye ni kiongozi wa njia, akifuatwa na bendera na ngoma, na mara nyingi akiwa na baragumu, yaani pembe ya mnyama inayopulizwa kama tarumbeta. Wapagazi walimfuata mmoja mmoja kwa mstari uliopinda na kunyooka kufuatana na kijia, na nyuma kabisa walibaki wanyapara na wenye mali, kwa sababu huko ndiko wagonjwa walikolegea na ndiko wenye nia ya kutoroka walikojivuta. Msafara mrefu haukuweza kuonekana wote kwa jicho la mtu mmoja. Kwa hiyo kirangozi alipofika njia panda alikata matawi au majani na kuyalaza juu ya njia isiyofaa, au alichora mstari ardhini kwa mguu, na ishara hiyo ilingoja pale pale hadi mtu wa mwisho alipoipita.

Inafaa kuitazama ishara hiyo kwa makini, kwa kuwa ndani yake umo msingi wa mawasiliano yote ya kundi lililo mwendoni. Sauti ya baragumu inamfaa aliye karibu na hupotea mara inapokoma, ilhali tawi njiani linamsemesha mtu ambaye aliyeliweka hamwoni na huenda asimwone hadi jioni. Kirangozi aliyelaza tawi hakuwa akijisaidia yeye, kwani njia aliijua. Alikuwa akimfikiria wa nyuma, aliyechoka kuliko wote na aliyekuwa na habari chache kuliko wote.

Mahali ambapo mpangilio huo ulivunjika, matokeo yalikuwa mabaya, na mfano mashuhuri zaidi unatoka Kitui yenyewe. Kivui wa Mwenda, mfanyabiashara mkuu wa Kitui, alimpokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf akiwa huko aliuona Mlima Kenya. Krapf aliporejea mwaka 1851 wawili hao walifunga safari kuelekea Mto Tana, na karibu na mto huo kundi lao likashambuliwa na wanyang'anyi. Kivui aliuawa, waliobaki wakatawanyika kila mtu upande wake, na Krapf akajikuta peke yake nyikani, akitembea zaidi usiku kwa kuhofia kuonekana, akiwa amebeba maji ndani ya mkoba wa darubini na mtutu wa bunduki. Kifo cha Kivui kilikuwa kazi ya maadui. Upweke wa Krapf, hata hivyo, ulisababishwa na kitu kingine: kundi lililotawanyika, yaelekea, halikuwa na njia ya kujikusanya tena, si mahali pa kukutania palipotajwa mapema, si ishara ya kuitana isiyowafichua.

Msafara wa kirangozi uliojua kuzungumza kwa matawi ulijua pia kupiga kelele za fahari. Ulipokaribia mji, watu walivaa nguo zao nzuri, bendera ikainuliwa, ngoma na baragumu zikalia, na risasi zikapigwa hewani ili wenyeji watambue ukubwa wa mgeni anayeingia. Tofauti kati ya matumizi haya mawili ya chombo kimoja kama baragumu, moja likielekezwa kwa wenzi wa safari na jingine kwa watazamaji wa kando ya njia, ilikuwa bayana mwaka 1850 kwa sababu kelele ya fahari ilisubiri mwisho wa safari. Katika zama za pikipiki tofauti hiyo ndiyo iliyofifia.

Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 iliumaliza msafara wa pwani, na kwa zaidi ya nusu karne mawasiliano ya vijijini Kitui yalibebwa na tarishi, mjumbe wa serikali aliyekwenda peke yake na barua. Pikipiki nazo zilipofika Afrika Mashariki zilikuwa chombo cha mpweke. Zipo zilizokuja kwa makundi, kama kikosi cha wapanda pikipiki wa Afrika Kusini kilichopigana katika kampeni ya 1916 dhidi ya Wajerumani, lakini vita vilipokwisha kilichobaki mashambani ni pikipiki moja ya padri, moja ya bwana shamba, moja ya daktari wa mifugo. Hata baada ya uhuru, Yamaha, Honda na Suzuki za maafisa wa serikali na wa misheni zilipita Ukambani zikiwa moja moja. Mtu anayeendesha peke yake hana haja ya lugha ya kundi, na ndiyo maana kipindi hiki kirefu hakikuacha urithi wowote wa maana katika jambo hili.

Kilichoacha urithi ni sheria za barabarani walizoleta Waingereza, pamoja na ishara zake za mkono: mkono wa kulia ukinyooshwa kuonyesha kukata kulia, ukizungushwa kinyume cha saa kuonyesha kukata kushoto, na ukipandishwa na kushushwa kuonyesha kupunguza mwendo. Ishara hizo zilibuniwa kwa dereva wa gari aliyeketi upande wa kulia karibu na dirisha. Kwa mwendesha pikipiki zina tatizo la kimashine ambalo kila mwanafunzi huligundua siku ya kwanza, kwamba mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta, yaani kishikio kinachozungushwa kuongeza mwendo, na ndio unaovuta breki ya mbele. Mwendeshaji anayeutoa mkono huo usukanini ili kueleza kwamba anapunguza mwendo anakuwa ameachia sehemu kubwa ya uwezo wake wa kusimama, tena juu ya changarawe. Ndiyo sababu waendeshaji wa barabara za vumbi wanategemea zaidi mkono wa kushoto, ambao kazi yake kuu ni klachi, na mguu, unaotolewa nje kidogo upande ule ulio na shimo au jiwe.

Asili nyingine, ambayo huenda ndiyo yenye nguvu zaidi leo, ni lori. Madereva wa masafa marefu katika barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi walijijengea kwa miongo mingi lugha ya taa ambayo haimo katika kitabu chochote cha serikali. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia bila kukata kona, linamwambia aliye nyuma asijaribu kupita kwa kuwa kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, linamruhusu kupita. Taa kubwa zikimulikwa na gari linalokuja humaanisha kwamba kuna polisi, ajali au mifugo mbele. Pamoja na lugha hiyo ya taa kulikuwa na ile ya utingo, msaidizi wa dereva, ambaye hugonga bodi ya gari kumjulisha dereva jambo asiloliona. Vijana wengi wa Kitui na Makueni waliifahamu lugha hii kabla ya kumiliki chombo chochote, kwa kupanda malori ya mchanga, ya mkaa na ya mifugo, na walipopata pikipiki waliihamisha kama ilivyo.

Hapo palizaliwa utata ambao hadi leo haujatatuliwa. Indiketa ya kulia ya lori refu kwenye barabara iliyonyooka haina maana mbili, kwa sababu kila anayelifuata anaona kwamba hakuna njia ya kukatia. Indiketa ya kulia ya pikipiki, katika barabara ya murram yenye vichochoro vya kuingilia mabomani kila mita chache, inaweza kumaanisha kukata kona, kuzuia wa nyuma wasipite, au kusahaulika tu, kwa kuwa indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi zenyewe kona inapokwisha. Kuichukua ishara ya chombo kimoja na kuipa chombo kingine bila kuipima upya ni kosa la kawaida katika historia ya teknolojia, lakini hapa gharama yake ni mifupa.

Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda upande wa Busia katika miaka ya 1960. Kuenea kwake kote nchini kwa umbo la pikipiki ni jambo la juzi, lililochochewa na hatua ya serikali ya Rais Mwai Kibaki ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo isiyozidi sentimita za ujazo 250, na kusaidiwa na kufika kwa pikipiki nafuu za China na India, zikiwemo Boxer na TVS. Simu ya mkononi ilienea vijijini wakati huo huo, na M-Pesa ilizinduliwa mwaka 2007, hivyo mwendeshaji wa Kanyangi alipata chombo, njia ya kuitwa na njia ya kulipwa ndani ya miaka michache tu. Sheria ilifuata kwa nyuma. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yalimtaka mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi lenye reflekta, yaani vipande vinavyorudisha mwanga wa taa, na yakaruhusu abiria mmoja tu.

Kazi ya kila siku ya bodaboda si ya kundi, kwani kila mmoja hungoja zamu yake kwenye steji, yaani kituo chao, na kuondoka na abiria wake. Zipo hata hivyo nyakati ambapo steji nzima hutoka pamoja: kusindikiza bibi arusi, kupeleka mwili wa mwenzao kijijini, kumpokea mwanasiasa aliyetoa pesa za mafuta, kwenda kumtoa mwenzao aliyepata ajali, au kubeba ndengu na magunia kutoka mashambani siku ya soko. Ni katika nyakati hizo ambapo umbo la barabara huanza kuamuru lugha.

Barabara ya murram iliyopitiwa na magari huwa na mapito mawili ya magurudumu na katikati tuta la changarawe legevu. Pikipiki zinazofuatana hugawana mapito hayo, ya kwanza ikichukua moja na ya pili jingine, na hivyo bila mafunzo yoyote hujipanga kwa mshazari, mpangilio ambao shule za pikipiki za nje huufundisha kwa michoro. Faida yake ni kwamba kila mmoja anaona mbele ya mwenzake na ana nafasi ya kusimama. Hatari yake ni pale anayeongoza anapolazimika kuvuka tuta lile kukwepa shimo, kwa sababu gurudumu la mbele huyumba kwenye changarawe na aliye nyuma yake upande wa pili hana taarifa. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa pikipiki husafiri takriban mita 11 kila sekunde, na katika kilomita 80 mita 22, kwa hiyo nafasi ya pikipiki mbili tatu kati ya mmoja na mwingine, ambayo ndiyo ya kawaida katika maandamano, haimpi mtu hata muda wa kukaza vidole.

Vumbi ni adui mwingine mkubwa. Mvua za kutegemewa zaidi Ukambani ni zile za Oktoba hadi Desemba, na za Machi hadi Mei mara nyingi huwavunja wakulima moyo, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka pikipiki ya kwanza humwachia ya tatu ukuta mwekundu usiopenywa na taa. Jawabu la wenye busara ni kurefusha nafasi hadi vumbi litulie, lakini kurefusha nafasi ni kupoteza kuonana, na kupoteza kuonana kunahitaji ishara inayongoja, kama lile tawi la kirangozi. Ndiyo maana desturi inayofaa zaidi ni ya kusimama: anayetangulia hungoja kila njia panda hadi amwone anayemfuata, na huyo naye hamwachi aliye nyuma yake. Kwenye mito ya mchanga, ambayo hukauka juu huku maji yakibaki chini, kundi husimama ukingoni na kuvuka mmoja mmoja, kwa kuwa anayepunguza mwendo mchangani huzama na anayemfuata kwa karibu humgonga.

Ishara za papo kwa papo ni chache. Breki ya nyuma hukanyagwa kidogo mara mbili tatu bila kusimama ili taa nyekundu iwake na kuzima, kumtayarisha wa nyuma kwa tuta au mifugo. Honi fupi moja humjulisha anayepitwa. Mguu huonyesha shimo. Abiria naye ni chombo cha mawasiliano kisichotajwa katika vitabu, kwa sababu mikono yake iko huru, na si jambo geni kumwona akipunga mkono kuwatuliza wanaokuja nyuma, akifanya kazi ile ile ya utingo wa lori. Ishara zote hizi hutegemea mtu kuonekana na kuona, na hapo ndipo vifaa vinapokwamisha: taa ya nyuma iliyokufa au iliyofunikwa na mitungi ya maji, mwavuli mkubwa unaoziba bega na mkono, na vioo vya pembeni vilivyong'olewa kwa kuwa vinakwaruza kwenye steji. Anayeongoza kundi bila kioo anaongoza watu asioweza kuwahesabu.

Mazishi na kampeni vimegeuza kazi ya honi. Katika msafara wa mwili wa mwendeshaji, pikipiki huvishwa matawi mabichi, injini hunguruma na honi hulia mfululizo tangu kuondoka hadi kaburini, na hakuna anayepaswa kuwadharau waombolezaji kwa hilo, kwani heshima wanayoitoa ni ya kweli. Lakini honi inayolia mfululizo haiwezi kuonya, na taa zote zikiwaka hakuna inayosema kitu, na pale pikipiki moja inapobeba watu watatu huku wengine wakipita kushoto na kulia ili waonekane, kundi limebaki bila mbele wala nyuma. Wafanyabiashara wa pembe waliiacha fahari hadi mlangoni mwa mji. Maandamano ya leo huianza kwenye steji na kuipeleka barabarani, na huifikisha hata kwenye lami ya Kibwezi, Mutomo na Kitui, ambako malori na mabasi yana mwendo usiolingana kabisa na ule wa murram.

Katika miji mikubwa kumekuwa na mkondo mwingine. Vilabu vya wapenda pikipiki kubwa vinavyotoka Nairobi mwisho wa wiki vimechukua taratibu za nje, kama zile za taasisi ya usalama wa pikipiki ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1973, inayoelekeza nafasi ya sekunde moja kwa aliye mshazari na mbili kwa aliye mbele moja kwa moja, kiongozi mzoefu mbele na mzoefu mwingine nyuma. Uingereza nako kuna utaratibu ambao anayemfuata kiongozi husimama njia panda kama alama hai, akawaelekeza wote hadi wa mwisho anapofika, ndipo naye akajiunga. Baadhi ya wanachama wa vilabu hivyo huzungumza kwa vifaa vya mawasiliano vilivyomo ndani ya helmeti, vinavyounganishwa kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Mwendeshaji wa Kanyangi ana simu iliyochomekwa kati ya sikio na helmeti, ambayo haifai kitu mwendoni, ijapokuwa kundi la WhatsApp la steji ni chombo kizuri sana cha kupanga mahali pa kukutania kabla ya kuondoka, jambo ambalo watu wa Kivui walilikosa kule Tana. Alama hai ya Waingereza na tawi la kirangozi zina kazi ile ile, na ni vigumu kuona kwa nini ya kwanza ihesabiwe kuwa ujuzi wa kisasa na la pili liwekwe katika ngano.

Sheria ya Trafiki kwa upande wake inamjua mwendeshaji, abiria na chombo; kundi halimo. Afisa wa trafiki anaweza kumkamata mtu asiye na helmeti, lakini hana kifungu cha kuuliza ni nani anaongoza pikipiki 60 zinazopita na nani yuko mwisho. Mamlaka ya karibu zaidi yenye uwezo wa kuuliza swali hilo ni mwenyekiti wa steji, ambaye tayari ana daftari la wanachama, anajua ni nani ana breki mbovu, na ndiye anayekusanya mchango wa mafuta na wa sanda. Kwa mpangilio wa zamani wa wanyapara, anayefaa kuwekwa nyuma ni mwenye uzoefu, asiye na abiria wala mzigo, mwenye taa ya nyuma inayowaka na fedha kidogo za kununulia tyubu, na mwendo wa kundi zima unapaswa kupimwa kwa pikipiki dhaifu kuliko zote, ambayo huwekwa ya pili kutoka mbele ili kiongozi aione. Katika steji nyingi nafasi hiyo ya mwisho bado huachiwa yeyote aliyechelewa kuwasha injini.